Mwanangu anataka chatu: nimruhusu au nikatae?

“Shikamoo daktari. Tunaishi Leicester, Uingereza, nyumba ya kupanga. Nina watoto wawili: mkubwa wa kiume ana miaka 13, mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Mwaka jana tulikwenda likizo kwa babu yao Mwanza, mkubwa akapelekwa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, akaona ngoma ya bayeye wakicheza na chatu. Tangu siku hiyo hatupumui: anataka nyoka. Sasa ameona tangazo la mtu anayeuza chatu wa Burma wa miezi michache, pamoja na tangi lake, kwa pauni 50. Muuzaji anasema nyoka hukua kulingana na tangi alimowekwa, anakula mara moja tu kwa mwezi, hana kelele wala harufu, na panya hai wa kumlisha wanapatikana. Mume wangu anasema akitushinda tutampeleka bustani ya wanyama, na tukirudi nyumbani tutaondoka naye. Mimi nimekua nikijua nyoka ni wa kupigwa fimbo. Nikubali au nikatae? Na kama ni kukubali, achukue yupi?”

Marahaba, dada yangu. Nianze na fimbo, maana umeitaja kwa haraka kana kwamba unaionea haya. Aliyekulia kwenye swila, koboko na kifutu ana haki ya kuogopa kwanza na kuuliza baadaye. Lakini huko uliko sumu si jambo la kukukosesha usingizi. Nyoka wenye sumu kali hawafugwi Uingereza bila leseni ya halmashauri, chini ya sheria ya wanyama hatari ya 1976, na wale ambao duka la kawaida humuuzia mtu anayeanza hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Ninachotaka uogope ni kitu kingine: kumchukua kiumbe asiyeweza kuupasha mwili wake joto, katika nchi ya baridi, halafu kumtegemea kijana wa miaka 13 amtunze kwa miaka 20.

Yule wa kwenye tangazo mkatae leo. Wala msiende kumtazama, kwa sababu mkienda mtoto atamshika, na akishamshika mazungumzo yamekwisha.

Chatu wa Burma akitotolewa ana urefu wa kama nusu mita. Akilishwa vizuri huvuka mita 2 kabla hajafika miaka miwili, na jike mzima hufikia mita 4 au 5, na uzito wa makumi ya kilo. Nyoka wa mita 3 na kuendelea hafunguliwi mlango na mtu mmoja akiwa peke yake nyumbani, seuze na mtoto. Anahitaji chumba, si tangi. Anayemuuza kwa pauni 50 huenda ameshaanza kuliona hilo, au hajui kabisa anachokiuza.

Habari ya nyoka kukua kulingana na tangi haina ukweli hata kidogo. Ukuaji wake unaamuliwa na urithi, chakula na joto. Nyoka wa kwenye tangi dogo anakua vilevile, ila anakua amejikunja, misuli imelegea, pua imechubuka kwa kusukuma kioo usiku kucha. Ukimkuta amedumaa kweli, mara nyingi amenyimwa chakula. Na kwa kuwa najua itawafikia kwenye simu, niseme na hili: ile hadithi ya chatu anayejinyoosha kitandani kando ya mwenyewe ili apime kama atammeza ni uzushi. Chatu hapimi. Huvizia, hushika, hukaza.

Bustani za wanyama nazo si kimbilio. Zilishachoka kupigiwa simu na watu wenye chatu waliowashinda, na nyingi hukataa. Kumwachia porini ni kosa la jinai huko Uingereza kwa sheria ya wanyamapori ya 1981, na baridi ya Januari ingemuua. Kule Florida, ambako hakuna baridi ya namna hiyo, chatu wa Burma waliotoroka au kuachiwa na wafugaji wamezaana katika kinamasi cha Everglades. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba katika maeneo walikokaa muda mrefu zaidi, rakuni wanaoonekana kando ya barabara walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huohuo Marekani ikapiga marufuku kumwingiza nchini chatu wa Burma, na pamoja naye chatu wetu wa Afrika, yuleyule ambaye mwanao alimwona Bujora. Wale bayeye, mwambie, ni chama chenye mafunzo yake na wazee wake. Aliyoyaona ni dakika chache za ngoma. Hakuona nani anamlisha chatu yule, wala nani anamsafishia.

Sasa nikueleze kinachowaua nyoka wengi wa kufugwa, kwa sababu ukikielewa hiki mengine yote yatajipanga. Wewe na mimi tunakula sana kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chetu huenda kutupa joto. Nyoka hana tanuri hilo ndani. Joto lake analichukua nje: anajiweka pamoto, akitosheka anahamia kivulini, na kwa kuhamahama huko ndiyo anausimamia mwili wake. Mmeng’enyo, kinga dhidi ya magonjwa, hata kujivua gamba, vyote vinategemea joto alilolipata. Mlishe panya halafu umwache kwenye nyuzi 18, na panya yule atakuwa kama sufuria la maharage lililozimiwa jiko katikati: haliivi, linachacha. Nyoka atamtapika baada ya siku mbili tatu, kanuka, na asipotapika ndiyo hatari zaidi. Baridi ikiendelea wiki kadhaa, mapafu yanaingiliwa na bakteria. Wateja huniletea nyoka anayepumua mdomo wazi wakasema ‘ameanza jana’. Hajaanza jana. Ameanza pale walipozima hita ya nyumba kubana matumizi.

Kwa hiyo kizimba cha nyoka hakitakiwi kuwa na joto moja. Kinatakiwa kuwa na ncha ya joto na ncha ya baridi, na maficho kila upande, ili asilazimike kuchagua kati ya kujisikia salama na kupata joto. Chanzo cha joto, iwe taa au mkeka wa umeme, lazima kipitie kwenye themostati, yaani kifaa kinachozuia joto lisipite kiasi, na kisoma-joto chake kiwekwe pale nyoka anapolala, si ukutani juu. Bila themostati, mkeka huendelea kupanda, na nyoka ana tabia ya ajabu ya kulala juu ya kitu kinachomuunguza bila kuondoka. Nimeona matumbo yaliyobabuka magamba kwa upana wa kiganja, na mwenye nyoka akishangaa kwa nini hakukimbia. Taa nayo izungushiwe wavu, maana atajiviringisha juu yake. Yale mawe ya umeme ya kupasha joto yaache dukani.

Sasa achukue yupi? Kwa familia inayoanza ninawafikiria wawili tu.

Wa kwanza ni nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, jina ambalo ni vizuri uliandike kabla ya kwenda dukani. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hufikia mita 1.2 hadi 1.5, mwembamba, huishi miaka 15 hadi 20, hula bila maringo, na huvumilia makosa madogo ya anayeanza. Upande wa joto wa kizimba chake uwe nyuzi 28 hadi 32, wa baridi 20 hadi 24. Akiwa mdogo ni mwoga, hutetemesha mkia na kukunyea mkononi. Hilo hupita.

Wa pili ni chatu wa kifalme, Python regius, wa Afrika Magharibi. Ni mfupi na mnene, mpole, akishtuka hujikunja tufe na kuficha kichwa katikati. Watoto humpenda kwa upole huo. Mimi humpenda pia, lakini simpendekezi kwa nyumba yenu, kwa sababu mbili. Anahitaji joto zaidi na unyevu zaidi, ambavyo nyumba ya Kiingereza wakati wa baridi inavinyima vyote. Tena hususa. Chatu wa kifalme mwenye afya anaweza kukataa chakula miezi mitatu mfululizo bila kuumwa, na katika miezi hiyo mwenye nyumba hutafuta ushauri kwa kila mtu, hubadilisha kila kitu, na ndipo nyoka huumwa kweli. Ongeza kwamba maelfu yao bado hutoka Ghana, Togo na Benin, wakiwemo waliototolewa kutoka kwa majike au mayai yaliyookotwa porini, na wengine hufika na kupe na minyoo. Ukimtaka yeye, mtafute aliyezaliwa kwa mfugaji hukohuko. Na wale wa rangi maalumu inayoitwa buibui usimchukue hata ukipewa bure, maana jeni inayowapa rangi hiyo huwaletea kasoro ya usawa wa mwili, kichwa kinayumba, wengine hugeuka chali wakitafuta chakula. Watu wanazalisha ugonjwa kwa ajili ya rangi, na sijapata mtu wa kunieleza kwa nini hilo linavumiliwa.

Umri wake nao ni jambo la kufikiria. Bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilikabidhiwa jike mmoja wa chatu wa kifalme na mtu binafsi 1961. Mwaka 2020 jike huyo, akiwa na zaidi ya miaka 60, alitaga mayai. Hao ni wa nadra, lakini miaka 20 hadi 30 kwake ni kawaida.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: kumchukua nyoka aliyekomaa ambaye ameachwa na mwenyewe. RSPCA, shirika la ustawi wa wanyama la huko, na vituo vingine vya uokoaji hupokea nyoka wa mahindi kila mwaka. Aliyekomaa tabia yake inajulikana, anakula, na anayekukabidhi hana haraka ya kuuza. Mimi ningeanzia huko.

Mkienda kumtazama nyoka yeyote, mwacheni muuzaji amtoe mwenyewe. Nyoka mwenye afya akiwa mkononi hushika. Unahisi misuli ikikaza na kulegea kwenye vidole. Anayening’inia hovyo ana tatizo. Sikiliza pumzi karibu na sikio: pasiwe na kimlio cha kukatikakatika wala mapovu puani. Tundu la choo chini ya mkia liwe safi na kavu. Mpanguse taratibu kwa karatasi nyeupe ya chooni, hasa kidevuni na kuzunguka macho. Vikibaki vidoa vyeusi vinavyotembea, hao ni utitiri, na wataingia nyumbani nawe. Macho yakiwa na ukungu wa bluu usiogope, anakaribia kujivua gamba, ila rudi baada ya wiki mbili kumwona vizuri. Omba kuona anavyokula, au daftari la tarehe alizokula. Asiye na daftari wala hataki kulisha mbele yako, mshukuru uondoke.

Kuhusu chakula, muuzaji wako amesema nusu ya kweli. Chatu mkubwa aliyekomaa anaweza kukaa wiki nyingi kati ya mlo na mlo. Mtoto wa nyoka wa mahindi hula kila baada ya siku tano hadi saba, mkubwa kila baada ya wiki mbili hivi, panya mwenye unene usiozidi sana unene wa nyoka pale alipo mpana zaidi. Panya hai msimpe. Panya aliyebanwa pembeni huuma, na nimeshona nyoka waliotafunwa mgongo hadi mfupa. Isitoshe ni mateso kwa panya yasiyo na sababu, na kwa sheria ya huko yanaweza kuwaingiza matatani. Wananunuliwa wa kugandishwa. Unamtoa jioni, anayeyuka ndani ya friji usiku kucha, kesho yake unamtia kwenye mfuko, mfuko kwenye maji ya moto ya bomba hadi awe vuguvugu mpaka katikati, unamkausha, unamshika kwa koleo refu. Tanuri la maikrowevu hapana, hupasuka tumbo, na jikoni hakutaingilika. Akishameza, asishikwe kwa siku mbili. Ni kweli hana kelele. Harufu hana, ila choo chake anacho, na hakisubiri Jumamosi.

Hapo kwenye friji ndipo ninapofika kwa mtoto wako mdogo, na hili ndilo zito kuliko yote niliyoandika.

Nyoka mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, utumboni bila dalili yoyote. Inatoka na choo, inakaa kwenye ngozi, kwenye maji yake, kwenye mikono ya kaka mtu, kwenye mpini wa mlango. Panya wa kugandishwa nao wanayo. Barafu haiwaui bakteria hao, inawalaza tu. Uingereza ilikuwa na mlipuko wa salmonela ulioanza 2015 ambao wachunguzi waliufuatilia hadi kwa panya wa kulishia nyoka, na watoto wengi walikuwa miongoni mwa wagonjwa. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni siku chache za tumbo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu bakteria wanaweza kuingia kwenye damu. Ndiyo maana mamlaka ya afya ya Marekani hushauri nyumba zenye watoto wa chini ya miaka 5 zisiwe na reptilia kabisa.

Je, inawezekana kuishi nao kwa tahadhari? Inawezekana, na zipo familia zinazoweza: chumba cha mkubwa kinafungwa, vyombo vya nyoka havigusi sinki la jikoni, panya wanakaa kwenye boksi lenye mfuniko katika friza isiyo na chakula cha watu, na kila aliyemgusa nyoka ananawa kwa sabuni kabla ya kumgusa mdogo. Jiulize kwa ukweli kama kijana wako wa miaka 13 atanawa kila mara, hata siku aliyochelewa shule. Wewe unamjua, mimi simjui. Kama ningekuwa na mtoto wa umri huo nyumbani ningengoja.

Najua kungoja kuna gharama yake. Mdogo akifika miaka 5 mkubwa atakuwa anakaribia 17, na baada ya hapo ni chuo, mabweni, mji mwingine. Nyoka atabaki kwako. Na sheria inaliona hivyohivyo: kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inayotumika England na Wales, mtu aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuuziwa mnyama, na mnyama wa mtoto wa umri huo ni jukumu la mzazi wake. Kwa hiyo nyoka huyu ni wako tangu siku ya kwanza. Kama huwezi kujiona ukimbeba kwa mikono yako mtoto akiwa safarini, kataa, na usijisikie mzazi mbaya.

Ukiona unaweza, usianze na nyoka. Anza na kizimba kitupu, cha urefu wa sentimita 120 na kufuli. Nyoka mwenyewe ndiye kitu rahisi kuliko vyote. Gharama ziko kwenye kizimba, themostati na taa. Mpe kijana mwezi mmoja akiendeshe: apime ncha zote mbili asubuhi na usiku, aandike, abadilishe maji kila siku. Hata wafugaji wazoefu hukiwasha kizimba siku kadhaa kabla ya nyoka kufika, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Daftari likiwa na mapengo wiki ya tatu, umepata jibu lako bila ugomvi. Wakati huohuo omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Habari ya kurudi naye Tanzania msiiweke kwenye hesabu. Kusafirisha chatu kuvuka mipaka kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, na nyoka wa mahindi, ingawa hamo kwenye orodha yake, ni mnyama mgeni ambaye hakuna sababu ya kumpeleka kwenye nchi yenye nyoka wake. Anayepanga kurudi ndani ya miaka 10 ajue leo atamkabidhi nani.

Mwisho, tafuta kliniki kabla ya kumtafuta nyoka. Si kila daktari wa wanyama anatibu reptilia, kwa hiyo piga simu uulize moja kwa moja. Nyoka apelekwe siku hiyohiyo akipumua mdomo wazi au akitoa mapovu, akiungua, au akigeuza kichwa juu na kushindwa kukirudisha. Apelekwe ndani ya siku chache akitapika mara ya pili, akikonda huku anasusa, au gamba la macho likibaki baada ya kujivua. Hilo usilibandue kwa kibano, utang’oa jicho. Akimng’ata mtoto, osha kwa sabuni na maji, ni mikwaruzo, tazama tu isivimbe. Na mdogo akiharisha na kuwa na homa wakati kuna nyoka nyumbani, usingoje asubuhi: piga 111, simu ya ushauri wa afya ya huko, na sentensi ya kwanza iwe kwamba mna nyoka, kwa sababu daktari asipoambiwa hatafikiria kuuliza.